Kukimbia na Kukimbilia

Nilipompigia mama simu kumweleza kwamba nilikuwa nimepata nafasi ya kukimbia kilomita 21 katika hifadhi ya wanyamapori ya Lewa, alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza swali moja tu: "Unakimbia nini, mwanangu?"

Ndugu msomaji, mwanafunzi yeyote wa Kiswahili atang'amua mara moja kwamba swali hilo halikuwa la mzaha. Lugha yetu imekitwika kitenzi hiki kimoja mizigo miwili. Mtu hukimbia kwa maana ya kwenda mbio, na mtu hukimbia kwa maana ya kutoroka. Anayeshindana uwanjani anakimbia. Anayewaacha mke na watoto bila kuaga, naye husemwa kwamba amewakimbia. Tukiongeza viambishi, ukoo wa neno hili hupanuka. Kukimbiza ni kufukuza, na vilevile ni kumfikisha mgonjwa hospitalini kwa haraka. Mkimbiaji ni mwanamichezo, ilhali mkimbizi ni mtu aliyelazimika kuhama kwao. Kisha ipo kauli ya kutendea, kukimbilia, ambayo humzungumzia mtu na kule aendako, nayo ndiyo iliyotuzalia nomino kimbilio. Haya yote niliyasoma katika somo la mofolojia, nikayajibu katika mtihani na kupata alama za kuridhisha. Hata hivyo, mama, ambaye hakupita darasa la saba, alikuwa ameniuliza swali ambalo mtihani haukuwa nalo. Insha hii ni jaribio la kumjibu.

Si jambo jepesi kwa Mkenya kukiri kwamba yeye hajui mbio. Tangu Kipchoge Keino aliponyakua dhahabu ya mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, ulimwengu umetuchukulia kuwa taifa la miguu. Nakumbuka Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 2019, nilipokuwa katika shule ya upili, tuliporuhusiwa kuacha masomo ya asubuhi tukamtazame Eliud Kipchoge kwenye runinga akizimaliza kilomita 42.195 jijini Vienna kwa muda wa saa 1:59:40. Tulirukaruka na kukumbatiana utadhani sisi ndio tuliokimbia. Ukweli ni kwamba nyuma ya mashujaa hao wachache wapo mamilioni ya Wakenya ambao mbio zao huishia kituo cha matatu. Mwenzangu wa chumbani hapa chuoni ana jina ambalo huwafanya watu wamuulize yeye hukimbia mita ngapi. Hajapata kukimbia hata kuliwahi basi. Husema kwamba basi likimwacha, halikuwa lake.

Mimi nilikuwa na sababu nyingine ya kutokimbia, nayo sikuwahi kumwambia mtu.

Nilikuwa na umri wa miaka sita. Tuliishi viungani mwa Molo: baba, mama, ndugu yangu mdogo aliyekuwa bado akibebwa mgongoni, na mimi. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007. Ninayoyakumbuka ya siku zilizofuata si mengi, kwani kumbukumbu ya mtoto ni kama kibatari. Humulika hatua mbili tatu tu. Nakumbuka mama akinivalisha sweta mbili, moja juu ya nyingine. Nakumbuka mkono wake ukiubana wangu hadi vidole vikafa ganzi. Nakumbuka tukikimbia gizani katikati ya shamba lililokuwa limelimwa, na kila hatua mguu ukizama udongoni. Zaidi ya yote, nakumbuka vishindo vya miguu nyuma yetu. Tulipokimbia vilikimbia, tuliposimama kupumua, navyo vilisimama. Nilipotaka kugeuka, mama alinivuta mkono akasema, "Usiangalie nyuma." Sikuangalia.

Baba hayumo katika kumbukumbu hiyo. Ninamwona tena alfajiri katika kituo cha polisi, akiwa amesimama penye ukuta na tope hadi magotini. Mtoto wa miaka sita hujijazia mwenyewe mapengo ya habari asiyosimuliwa, nami nililijaza pengo lile kwa njia moja tu: kwamba baba alikuwa ametangulia. Kwamba usiku ule tulipofukuzwa na vile vishindo, baba alitukimbia.

Baada ya siku mbili lori lilitupeleka katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Tukawa miongoni mwa mamia ya maelfu ya Wakenya waliohama makwao katika ghasia zile, zilizoangamiza zaidi ya watu 1,100 kabla ya mkataba wa amani kutiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Serikali na magazeti walituita wakimbizi wa ndani. Hatukurudi Molo. Mama angali Nakuru, ambako huuza mboga. Baba alifariki mwaka 2016 kwa maradhi ya kawaida, na hadi siku tuliyomzika sikuwa nimemuuliza lolote kuhusu usiku ule. Nyumbani kwetu usiku ule haukuzungumziwa. Ulikuwa kama chumba kilichofungwa, ambacho kila mtu alipita mlangoni pake bila kugusa kitasa.

Tangu wakati huo sikukimbia tena. Shuleni nilikuwa na ugonjwa wangu maalum wa siku ya michezo, na walimu waliuzoea. Nilidhani jambo hilo limekwisha, mpaka jioni moja mwaka 2021, nikiwa mwaka wa kwanza, nilipokuwa nikipita barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi. Ghafla wachuuzi walikusanya bidhaa zao wakaanza kutimua mbio kwa kuwahofia askari. Sikuwa na bidhaa. Sikuwa na kosa. Lakini niliposikia vishindo vya miguu mingi nyuma yangu, miguu yangu ilinichukua. Nilikimbia pamoja nao, nikapita vichochoro nisivyovijua, na nilipopata fahamu nilikuwa karibu na kituo cha reli, nimepoteza kiatu kimoja na nikitetemeka kama mgonjwa wa malaria.

Usiku huo nilimsimulia mwenzangu wa chumbani kisa hicho, lakini si kile cha Molo. Alicheka kwanza, kisha akaniangalia vizuri akaacha kucheka. "Kama miguu yako hukimbia bila idhini yako," alisema, "afadhali uifunze adabu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nilinunua raba za mitumba Gikomba, jozi iliyokuwa imekwisha kukimbizwa na mtu mwingine ng'ambo, na kila Jumamosi asubuhi nikawa naenda msitu wa Karura. Mwanzo wa ngoma ni lele. Siku ya kwanza nilikimbia dakika moja, nikatembea mbili, nikaona giza. Nilikuwa nikienda kasi kupita kiasi, kosa la kila anayeanza. Nilijifunza polepole kwamba mkimbiaji wa kujiburudisha yampasa akimbie mwendo unaomruhusu kuzungumza sentensi kamili. Akikatika sentensi, apunguze. Nami kwa kuwa sikuwa na wa kuzungumza naye, nilijisomea ngeli za nomino kwa sauti, na waliopishana nami huenda walidhani ninasali. Dakika moja ikawa tano, tano zikawa ishirini. Bandu bandu huisha gogo. Kufikia mwisho wa mwaka wa pili niliweza kukimbia kilomita kumi bila kusimama, nikiwa na malengelenge miguuni na furaha ambayo sikuweza kuieleza.

Karura wenyewe ulinifunza jambo. Miaka ya nyuma watu waliuogopa msitu ule kama maficho ya wahalifu. Zaidi ya hayo, mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu zake zilikuwa zimegawiwa wastawishaji wa majengo, na tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kuumizwa walipokwenda kupanda miche langoni. Leo akina mama hutembea humo na watoto wao, na vijana hupita mbio chini ya miti ambayo nusura igeuzwe kuwa nyumba. Mahali palipokimbiwa na watu pamekuwa mahali wanapopakimbilia. Nililiwaza jambo hilo mara nyingi nikipanda kilima kutoka mtoni, kwani kilimani mtu hana la kufanya ila kuwaza na kuhema.

Lakini sitaki kumdanganya msomaji. Karura nilikimbia nikiwa peke yangu, na kila niliposikia mtu akija nyuma nilijitenga kando ya njia, nikajifanya nafunga kamba za kiatu hadi apite. Nilikuwa mkimbiaji aliyefunga kamba mara nyingi kuliko wote katika msitu ule.

Mwezi wa Mei 2023, nikiwa mwaka wa tatu, binamu yangu alinipigia simu. Kampuni anayofanyia kazi ilikuwa imewalipia wafanyakazi kadhaa nafasi katika mbio za Lewa, mmoja wao ameteguka kifundo cha mguu, na nafasi yake ya nusu marathoni ilikuwa wazi. Kwa mfuko wa mwanafunzi, nafasi hiyo nisingeimudu kamwe. Nilikubali kabla ya kufikiri. Kisha nikampigia mama, naye akaniuliza swali lile. Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Ni michezo tu, mama." Akaniambia, "Haya. Nenda salama," kwa sauti ile ile anayomwagia mtu anayesafiri usiku.

Mbio za Lewa zilianzishwa mwaka 2000 kwa lengo la kuchangisha fedha za uhifadhi, na fedha hizo husaidia pia shule, zahanati na miradi ya maji katika jamii zilizo jirani. Si mbio za lami. Njia yote ni ya udongo na vumbi, hupanda na kushuka katika nyika iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mtu wa pwani huhema akifunga tu zipu ya begi. Mzunguko mmoja ni nusu marathoni, yaani kilomita 21.1, wanaokimbia marathoni kamili huuzunguka mara mbili. Na kwa kuwa njia hupita katikati ya makao ya vifaru, tembo na nyati, askari wa wanyamapori husimama kandokando yake, huku helikopta zikizunguka juu kuwaweka wanyama mbali na wapita njia.

Tulitoka Nairobi Ijumaa alfajiri, tukapita Nanyuki na mashamba ya ngano ya Timau, kisha tukaanza kuteremka kuelekea Isiolo hadi hewa ikabadilika, baridi ikatuacha na harufu ya nyasi kavu ikatupokea. Jioni ile, tulipokuwa tukingoja chakula kambini, mfanyakazi mmoja wa hifadhi alitusimulia chanzo cha mahali pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Katika muda usiotimia miaka ishirini majangili walikuwa wamewapunguza wakabaki mia chache tu, wametawanyika huku na huko. Mwaka 1983 mama mmoja aliyeitwa Anna Merz, kwa kushirikiana na familia ya Craig iliyokuwa ikimiliki ranchi hiyo, alizungushia sehemu ya ardhi ua ili vifaru waliosalia wakusanywe na kulindwa. Hapo palipoanza kama ua wa wanyama wachache ndipo palipokua pakawa Lewa ya leo.

"Kwa hiyo hawa vifaru ni wakimbizi," nilisema bila kukusudia.

"Babu zao walikuwa," alinijibu. "Hawa wamezaliwa hapa. Hapa ni kwao."

Nililala hemani nikilirudiarudia jibu hilo. Ndugu yangu mdogo, aliyebebwa mgongoni usiku ule, hana kumbukumbu yoyote ya Molo. Ukimuuliza kwao ni wapi, husema Nakuru bila kusita.

Asubuhi, saa moja kasoro dakika chache, tulijipanga kwenye mstari wa kuanzia. Tulikuwa zaidi ya elfu moja: wanariadha wembamba kama mishale waliokuja kutafuta ushindi, wafanyakazi wa maofisi wenye vitambi, wageni kutoka nchi za mbali waliojipaka mafuta meupe puani, na wanafunzi wa shule za jirani. Jua lilikuwa limechomoza upande wa kulia. Kusini Mlima Kenya ulikuwa umevaa wingu kiunoni. Watu walicheka, walipigana picha, walinyoosha misuli. Kisha ishara ya kuanza ikatolewa.

Sijui nieleze vipi. Watu elfu moja wakianza kukimbia kwa pamoja juu ya udongo mkavu, ardhi hutoa sauti. Sauti ile ilitoka nyuma, ikanijia miguuni kabla ya kunifikia masikioni, nayo ilikuwa sauti ninayoijua. Nilikuwa tena katika shamba lililolimwa. Nilikimbia. Sikukimbia kama nilivyojifunza Karura; nilikimbia kama yule mtoto wa sweta mbili, mdomo wazi na macho mbele, nikiwapita watu ambao sikustahili kuwapita. Nadhani nilikwenda mita mia nane hivi kwa kasi ambayo sijawahi kwenda tena. Kutangulia si kufika. Kifua kilibana, kichomi kikanikata ubavuni, na nikajikuta nimekaa kando ya njia chini ya mgunga, kichwa kati ya magoti.

Askari mmoja wa wanyamapori alinijia, bunduki begani, akaniuliza kama ninahitaji gari la huduma ya kwanza. Nilimwambia ninataka wote wapite. Hakuniuliza kwa nini. Alisimama pale, kati yangu na njia, mpaka kundi lote likapita, mpaka vumbi likatulia, mpaka wakapita hata wazee wanaotembea na fimbo. Kisha akasema, "Sasa njia ni yako."

Niliinuka nikaenda. Nilikuwa karibu wa mwisho, na sikuona aibu. Nyuma yangu palikuwa na ukimya, na ukimya huo ulinirudishia pumzi. Nilianza kuona nilikokuwa. Twiga watatu walikuwa wamesimama mbali kidogo, wakitutazama kwa mshangao wa watu waliokuta harusi wasiyoalikwa. Punda milia wa mistari myembamba, wale wa Grevy ambao sehemu kubwa ya waliobaki duniani wamo kaskazini mwa nchi yetu, walichunga bila kutujali. Kila kilomita mbili na nusu hivi palikuwa na kituo cha maji, na nilijifunza kwa wenzangu kunywa funda mbili na kujimwagia yaliyobaki kisogoni, kwani kufikia saa tatu jua lilikuwa limeacha urafiki. Nilianza kuwafikia watu, mmoja mmoja: waliokuwa wametangulia kwa pupa kama mimi, wakawa sasa wanatembea mikono kiunoni. Tulipeana pole.

Wengi hudhani kwamba katika njia ya vilima kazi ngumu ni kupanda. Wahenga walijua zaidi: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mteremko huyapiga mapaja kama nyundo, vidole vya miguu hugonga ncha ya kiatu, na changarawe huteleza chini ya nyayo usipozitazama. Kufikia kilomita ya kumi na tano, mapaja yangu yalikuwa yakitetemeka yenyewe. Na bado kilima kirefu kilikuwa mbele, karibu na mwisho, mahali ambapo mtu hana akiba tena. Nilikiona kwa mbali: mstari mwekundu wa udongo ukipanda, na juu yake vinukta vya watu visivyosogea.

Nilikuwa nimefika chini ya kilima hicho nilipovisikia. Vishindo. Mtu mmoja, nyuma yangu, karibu. Nilipunguza mwendo ili apite, naye alipunguza. Nilipokaza, alikaza. Nilihisi nywele za shingo zikisimama. Nilitaka kujitenga kando nikafunge kamba za kiatu, lakini nilijua kwamba nikiinama sitaweza kuinuka. Nikageuka.

Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mvi tupu, fulana imemganda kwa jasho, akihema kwa mdomo. Alinipungia mkono kana kwamba ananifukuza kuku.

"Usinitazame mimi, binti, tazama mbele," alisema. "Wewe ndiwe unayenivuta. Nimekushika tangu kituo cha maji. Nenda tu, mimi nipo nyuma yako."

Basi nikaenda. Tulikipanda kilima kile tukitembea hatua hamsini na kukimbia hamsini, mimi mbele na yeye nyuma, nami nikivisikia vishindo vyake kila hatua. Mwanzoni nilivihesabu kwa hofu. Baadaye nilivihesabu ili nijue kama bado yupo. Sijui ni hatua ya ngapi hofu ilipokoma na jambo hilo jingine likaanza. Nilijua tu kwamba tulipofika kileleni na vishindo vikasita, ni mimi niliyegeuka kumwita: "Mzee, upo?" Naye akajibu, "Nipo, nipo, twende."

Nilimaliza kwa muda wa saa mbili na dakika hamsini na tatu. Washindi walikuwa wamekwisha kuvua viatu, kuoga na pengine kusahau. Nilivishwa nishani shingoni, nikapewa maji na ndizi, na watu nisiowajua wakanipigia makofi. Yule mzee aliingia hatua chache baada yangu. Tulishikana mikono, akaniambia, "Asante kwa kunitangulia," kisha akapotea katika umati, na jina lake sikulijua.

Jioni nilimpigia mama. Nilimweleza yote: vumbi, twiga, kilima. Nilimweleza pia, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kuhusu vishindo. Nilimwambia kwamba tangu usiku ule wa Molo siwezi kumvumilia mtu akija nyuma yangu, kwamba nilipoanza mbio nilikaa chini nikashindwa, na kwamba mzee mmoja alininyamazia nyuma hadi nikamaliza. Nilikuwa nikizungumza haraka haraka, nikaona simu imekuwa kimya hata nikadhani salio limekwisha.

"Mama?"

"Wewe ulidhani ni nani?" aliniuliza.

"Wapi?"

"Usiku ule. Nyuma yetu."

Nilimwambia kwamba nilidhani ni wale waliokuwa wakitufukuza.

"Alikuwa baba yako," alisema mama. "Alikataa kwenda mbele. Alisema atakaa hatua ishirini nyuma, ili akija mtu amkute yeye kwanza. Mimi nilikukataza kuangalia nyuma kwa sababu ungemwona ungetaka kumrudia, nasi hatukuwa na wakati."

Sikuweza kusema neno. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nje ya hema, nishani bado shingoni, na mbele yangu watu walikuwa wakiota moto na kuimba. Miaka kumi na mitano nilikuwa nimekimbia vishindo vya mtu aliyekuwa akinilinda. Miaka minane kati ya hiyo aliishi nami nyumba moja, akanilipia karo, akanifunza kuendesha baiskeli, nami nikimtazama kama mtu aliyetukimbia. Hakujua, nami sikuuliza.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuuliza, mwanangu. Nasi tulidhani umesahau."

Ndugu msomaji, ningependa kuihitimisha insha hii kwa kusema kwamba tangu siku hiyo nimepona. Sivyo. Katikati ya jiji, watu wakianza kukimbia, moyo wangu bado huruka. Lakini Karura nimeacha kufunga kamba za kiatu. Mtu akija nyuma yangu, ninamwacha aje. Akinipita tunasalimiana, na asiponipita ninaendelea na mwendo wangu na yeye na wake. Disemba iliyofuata mimi na ndugu yangu tulimsafishia baba kaburi, nikamsimulia yeye pia ni nani aliyekuwa nyuma yetu usiku ule alipokuwa mgongoni. Yeye hakuwa na kumbukumbu, kwa hiyo nilimpa yangu, ikiwa imesahihishwa.

Kwa wanachama wenzangu, tunaochambua vitenzi na viambishi vyake kila siku, ningeongeza neno moja tu. Tumefunzwa kwamba kuuliza si ujinga, nasi huwauliza wahadhiri wetu kila jambo. Tuwaulize pia wazee wetu, wangali hai, yale tuliyojijazia wenyewe utotoni. Huenda tumekitafsiri kitenzi kwa maana moja, ilhali wao walikitenda kwa maana nyingine.

Na mama, ulipouliza ninakimbia nini, sikujua. Sasa najua kwamba nilikuwa nikimkimbia baba, nikiwa nimeshika njia iliyonizungusha kilomita 21 vumbini, hadi mwishowe nikawa nimemkimbilia.